Makopo ya Mstari wa Nyuma

Machi 9, 1953
Yeye ana daftari lake, na mimi nimepata langu. Hili ni la shule la mwanangu Dulcie. Kurasa za mwanzo zina hesabu zake za kutoa, zote kakosea, nimeziacha zilivyo. Kama huyo Bwana anaweza kuandika habari za nyumba yangu, basi na mimi mwenye nyumba naweza.

Alikuja Februari na boti kutoka mjini Launceston, mkaguzi wa serikali wa hali za watoto. Hakuvua kofia. Alifungua kabati langu la chakula pasipo kuomba, akakuta unga, chai, chumvi na nusu chupa ya mafuta ya ndege wa baharini.

"Chakula kiko wapi, mama?"

Nikampeleka nje nikamwonyesha pipa. Lilikuwa na maji ya chumvi tu, na manyoya mawili yanaelea.

"Hili ni tupu."

"Bwana, huu ni Februari. Ndege tunawachukua mashimoni mwao mwisho wa Machi. Mwezi wa pili kila pipa la kisiwa hiki ni tupu. Uliza mtu yeyote."

Hakuuliza mtu. Aliandika. Akaangalia debe tuliloweka chini ya paa linapovuja, akaandika. Akauliza Dulcie analala wapi, nikasema analala nasi, akaandika zaidi. Akasema atarudi mwezi wa Juni, akute kabati limejaa, mtoto ana kitanda chake, na paa halivuji. "Vinginevyo, mama..." Hakumaliza, na hakuwa na haja ya kumaliza. Wajukuu wawili wa Shangazi Ettie, nyumba ya tatu kutoka kwetu, walipandishwa boti ile ile mwaka juzi, na vikaratasi vya majina vimeshonwa kwenye makoti yao. Waliambiwa wanakwenda likizo. Barua zao huja Krismasi, kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Dulcie ana miaka minane. Ndiye niliye naye, mwingine sina.

Machi 14
Mvua. Debe limejaa mara mbili.

Machi 19
Clarrie mume wangu anasema nisihangaike, pesa za ndege zitatosha bati, mbao na chakula. Zingetosha kama angekuwa na mgongo mzima. Tangu pipa limwangukie gatini hawezi kulala kifudifudi, na asiyelala kifudifudi hawezi kuingiza mkono shimoni. Atakaa kwenye kibanda achemshe maji ya kunyonyolea. Mkono utakuwa wangu.

Nimenyonyoa ndege tangu nina miaka kumi. Shimoni sijawahi kuingiza hata kidole. Baba yangu aliumwa akiwa shimo la mwisho la siku, alikuwa keshasema twendeni nyumbani, na mimi ndiye niliyemshika kichwa mpaka mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuumwa, nilitazama tu, na bado nashtuka.

Machi 27
Kisiwa cha ndege. Shule imefungwa, watu wote tuko huku, watoto kwa mbwa. Shangazi Ettie ameninyanyua alfajiri kwa kunipiga teke la mguu.

"Amka wewe. Ndege hawaji kitandani."

Ana miaka sitini na nane na anatambaa kama mtoto. Amenifundisha hivi: lala chini, ingiza mkono mpaka begani, polepole. Ukigusa joto, ni kinda, mshike kichwa, mvute, mvunje shingo haraka asiteseke. Mning'inize mafuta yamtoke, kisha mtunge kwenye fito.

"Na nikigusa baridi?"

"Baridi ni baridi. Toa mkono. Usiharakishe, usipige kelele. Toa tu, uende shimo lingine."

"Utajuaje kama umetoa kwa wakati?"

"Utajua kesho," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Huku kwao akina Ettie jina la yule mdudu halitajwi mashimoni. Wakimwona wanasema, "Kuna mwenyewe." Basi. Ukisikia hivyo, unaondoka, huulizi.

Nimepata thelathini na mmoja. Ettie amepata tisini.

Machi 28
Arobaini na wanne. Nimetapika mara mbili, nimesema ni mafuta ya ndege. Hakuna aliyeamini.

Aprili 2
Upepo wa kusini. Sitini. Kila nikiingiza mkono namwona yule Bwana na kalamu yake. Hii inasaidia, kwani sijui ninamwogopa nani zaidi.

Aprili 8
Mnunuzi amekuja na boti yake kukagua mapipa. Kijana wa mjini, viatu vinang'aa. Akanyoosha mkono achukue ndege mmoja amtazame, Ettie akasema polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake, "Ningekuwa wewe nisingegusa hapo, mwanangu. Kuna mwenyewe." Kijana akauliza mwenyewe gani. "Nyoka." Khaa! Aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, Dulcie wangu machozi yanamtoka, manyoya yamemjaa kichwani. Baadaye nikamkuta anarudia nyuma ya kibanda, sauti ile ile, macho chini vile vile. Nimemwambia hilo si jambo la mzaha, akasema, "Ndiyo, mama," akaendelea.

Aprili 15
Nitaandika yote sasa hivi, nisije kesho nikajidai kuwa haikuwa kitu.

Ilikuwa baada ya chai ya saa nne. Ettie alikuwa upande wa pili wa kilima. Nilikuwa na ndege ishirini na nane kwenye fito, na shimo lililofuata lilikuwa chini ya jiwe, refu, nikalazimika kugeuza uso na kulaza shavu mchangani ili bega liingie. Nikapapasa. Hakuna. Nikasukuma zaidi. Vidole vikafika mahali ambapo mchanga ulikuwa baridi, nikajiambia ni jiwe. Ndilo kosa langu. Ettie alisema baridi ni baridi, na mimi nikaanza kujadiliana nayo, kwa sababu nilitaka wa ishirini na tisa.

Jiwe likasogea.

Halikuuma. Lilipita juu ya kiganja changu, zito, bila haraka, na likaendelea kupita. Sikujua kiumbe anaweza kuwa mrefu hivyo. Nilikuwa nimelala shavu chini, jicho moja linaona anga na jingine limejaa mchanga, na nilitaka kumwita Clarrie, nikakumbuka kelele. Nikamwita Mungu kimoyomoyo. Nikamwita baba. Kisha nikafikiria jambo la ajabu, nikafikiria kwamba nikifa hapa, Bwana atakuja Juni akute mwanamume mwenye mgongo mbovu na mtoto asiye na mama, na hatahitaji hata kufungua kabati.

Niliutoa mkono kidogo kidogo. Ulipotoka wote niliuangalia juu na chini, kila kidole, nikaulamba kutafuta damu. Hakuna. Nikalia kwa sauti, sasa ndiyo nikapiga kelele, ng'ombe wa kisiwa kizima wangesikia kama tungekuwa na ng'ombe.

Ettie akaja mbio. Akanishika mkono, akaugeuzageuza kama mtu anayenunua samaki.

"Mzima huu. Kwa nini hukutoa mapema?"

"Nilidhani jiwe."

"Mawe hayakai kwenye mashimo ya ndege, Myrtle. Ulijua. Ulikuwa na tamaa."

Nilitaka kumwambia si tamaa, ni woga, lakini yeye anajua kuliko mimi mtu anavyoogopa boti. Akaketi nami kidogo. Kisha akasema, "Shimo moja zaidi sasa hivi, la sivyo hutaingiza tena maisha yako." Akanichagulia. Niliingiza. Palikuwa na joto, na kinda akanidonoa, nikafurahi kwa kudonolewa.

Aprili 16
Hamsini na saba.

Aprili 30
Msimu umekwisha. Mnunuzi amechukua mapipa yake na amelipa. Bati linapatikana, na mbao, na blanketi. Kilichobaki hakitoshi kujaza hata rafu moja ya kabati.

Lakini kila nyumba hurudi na pipa lake moja la ndege wa chumvi, ndilo la kipupwe, ndilo tunalokula mpaka majira ya joto. Mnunuzi ameniuliza kama nauza la kwetu. Nimesema naam.

Clarrie hakuniamini mpaka alipoona linapakiwa.

"Umeuza chakula ununue chakula?"

"Nimeuza chakula ambacho yeye haoni, ninunue anachokiona. Alilitazama pipa letu kama ndoo ya taka, Clarrie. Hata lingekuwa limejaa, angeandika hakuna kitu."

"Kwa hiyo tutakula makopo."

"Hatuyali. Yakiliwa atakuta nini? Tutakula akishaondoka."

Akaniangalia hivi. "Myrtle, hii si akili."

"Basi toa yako."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikaa nyuma ya boti, mimi mbele.

Mei 5
Boti ya duka imekuja. Nimepanga kabati mwenyewe. Nyama ya kopo, maharage, maziwa, pichi, mistari miwili mbele na nyuma, picha zote zinatazama mlango. Chini nimetandika gazeti nililolikata ukingo kama lesi. Dulcie aliketi sakafuni akitazama pichi kama mtu aliye kanisani.

"Tutakula lini, mama?"

"Akishakuja na kuondoka."

"Akija kesho?"

"Basi kesho."

Mei 11
Paa limekwisha. Clarrie alisimama chini akitoa amri, mimi juu napigilia misumari. Mvua ikaja jioni, tukakaa kimya watatu tukisikiliza. Halivuji.

Mei 15
Kitanda tayari, cha mbao za makasha. Mto nimeujaza manyoya ya msimu huu. Dulcie hataki kulala peke yake, anasema kuna baridi. Nimemwambia azoee.

Mei 16
Viazi.

Mei 20
Viazi. Mtego mmoja umenasa kangaruu mdogo, mwembamba kuliko mimi. Boti haikuja.

Mei 27
Upepo wa magharibi siku ya nne. Hakuna boti, hakuna kuvua, mitego imejaa maji. Viazi vimebaki robo ya gunia. Ettie ameleta ndege wawili wa chumvi kutoka pipa lake, amewatupa mezani.

"Siwezi kuchukua, Shangazi. Wewe una pipa moja."

"Nimekuuliza? Ni wa mtoto." Kisha akaliona kabati, maana nalifungua kila asubuhi nipanguse vumbi. "Mnalala njaa mbele ya haya yote?"

"Hatulali njaa. Tunakula viazi."

"Myrtle. Angalia miguu ya mtoto wako."

Nikasema kama naye angejaza kabati mwaka ule, labda wajukuu wake wangekuwa hapa. Nilisema hivyo. Imenitoka, na haikurudi. Alichukua shali yake akaondoka, na ndege akawaacha.

Mei 28
Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa chai.

Juni 4
Boti haikuja. Dulcie anakohoa. Nimempaka mafuta ya ndege kifuani na mgongoni, yale ya ile chupa. Mbavu zake nazihesabu kwa vidole. Sasa naogopa jipya. Atakuja, atakuta kabati limejaa na mtoto amekonda, naye atauliza hicho chakula ni cha nani. Ningefungua kopo moja tu. Lakini ukitoa moja pengo linaonekana, na atauliza pengo ni la nini, na sitakuwa na la kusema ila ukweli.

Juni 10
Boti haikuja. Kikohozi kimepungua. Hata mashavu yake yana rangi kidogo. Mafuta ya ndege ni dawa, wacha waseme.

Juni 17
Si mafuta ya ndege.

Leo nilipopangusa vumbi nilisogeza kopo la nyama la nyuma, likaja mkononi bila uzito. Nikadhani nimechoka. Nikachukua la pili. La tatu. Mstari wote wa nyuma, makopo kumi na matatu, matupu. Yamefunguliwa upande wa chini, kwa uangalifu, yakaoshwa, yakasimamishwa tena picha mbele.

Nilimwita Dulcie. Alianza kulia kabla sijauliza. Nikampiga kofi. Ni mara ya kwanza katika maisha yake na natumaini mkono huu utakatika kabla ya mara ya pili.

"Baba ndiye anafungua," akasema. "Wewe ukienda kutafuta kuni."

Clarrie alikuwa mlangoni. Hakukana.

"Yeye mwenyewe hali," Dulcie akasema. "Ananitazama tu."

"Nilikuwa na mawili ya kuchagua," Clarrie akasema. "Aje amkute mtoto mzima na makopo matupu, au makopo mazima na mtoto... Nikachagua. Nipige na mimi ukitaka."

Sikumpiga. Niliketi kwenye kitanda kipya. Miezi mitatu nimemwona mwanamume asiye na mgongo, kumbe aliyepofuka ni mimi. Lakini hasira haikujaza makopo. Tumekubaliana kesho asubuhi tukachote mchanga ufukweni, tuyajaze na kuyaziba chini kwa nta ya mshumaa, yapate uzito.

Juni 18
Upepo ulitulia usiku. Boti ilitia nanga tunakunywa chai. Mchanga haukuchotwa.

Ettie aliiona kwanza, akaja mbio kwetu huku anafunga kitambaa, akakaa kwenye kiti karibu na jiko bila kukaribishwa. "Nimekuja kutembea," akasema. Clarrie alivaa shati. Mimi nilimchana Dulcie nywele mara tatu.

Bwana aliingia, safari hii akavua kofia. Aliangalia juu, akaandika. Akaenda kwenye kitanda, akabonyeza mto, akaandika. Akamshika Dulcie mkono, akauzungusha kwa vidole viwili.

"Mwembamba."

"Baba yake naye alikuwa fito," Ettie akasema. "Akila asile, fito tu. Mtazame."

Kisha akafungua kabati. Nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyekuja na maneno tayari akakuta hayahitajiki. Akachukua kopo moja la mbele. Zito. Akarudisha. La pili, akalitikisa, akarudisha. Nilianza kuvuta pumzi.

Ndipo akanyoosha mkono juu ya mstari wa mbele, kwenda nyuma.

Mungu wangu. Nilikuwa nimelala tena kifudifudi chini ya lile jiwe. Niliona kiganja chake kinashuka kule gizani, na nilijua kitakachogusa. Clarrie alikuwa kama gogo. Hata Ettie.

"Ningekuwa wewe nisingegusa hapo, Bwana," Dulcie akasema. Macho yake yalikuwa chini, kwenye kikombe. "Kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nyoka."

Mkono ule ulitoka haraka kuliko ulivyoingia. Kopo la pichi lilianguka likabingirika mpaka mguuni pangu.

"Nyoka? Ndani ya kabati la chakula?" Na sasa alikuwa anatafuta kalamu, nikaona tumeangamia, mwanangu kaniokoa na jino la mbwa kanitupa kwenye la simba.

"Sasa unaandika nini, Bwana?" Ettie akasema. "Utamwandika nyoka? Kipupwe kikiingia wanatafuta joto, hawachagui nyumba. Mwaka jana mmoja alilala kwenye buti la mwalimu, na mwalimu ni mtu wenu. Waulize mabaharia waliokuleta walikuta nini jana kwenye kamba. Walikuambia? Hawakukuambia! Wee, na wewe umelala humo humo."

Bwana akatazama viatu vyake. Akatazama chini ya meza.

"Huyu tumemwacha mpaka nipate fimbo," Clarrie akasema, sauti imepatikana. "Hana neno, ukimwacha."

Aliandika mstari mmoja akiwa amesimama mlangoni, nusu yake iko nje tayari. Akasema mambo yameboreka. Akasema atarudi Septemba kutazama tena. Akanipa mkono. Ule ule. Ulikuwa na jasho.

Hakuna aliyecheka mpaka boti ilipozunguka rasi, na hata hapo si kucheka. Ettie aliweka uso kwenye aproni yake, akakaa hivyo. Nikajua anawaza kwamba wajukuu wake hawakuwa na neno la kusema siku ile. Nilimshika bega, akaniachia.

"Mama," Dulcie akasema, "nimesema uongo?"

"Ndiyo."

"Utanipiga?"

Nilichukua kisu cha makopo. Nimefungua nyama, maharage, maziwa, na pichi ile iliyobonyea. Tumekula wanne, bila sahani, na Clarrie amekula wa kwanza kwa sababu nilimlazimisha. Septemba ni mbali, na ni karibu. Itabidi kujaza tena, na sijui kwa pesa gani wala kwa mkono upi. Hiyo nitaiogopa kuanzia kesho.

Sasa ni mchana, Dulcie kalala kwa shibe, kwenye kitanda chake, peke yake. Nimeingiza mkono chini ya blanketi polepole, mpaka begani, nikapapasa mpaka nikaupata mguu wake. Una joto.